Santuri za babu zimeota ukungu: nizioshe na nini?

"Shikamoo mzee. Bibi yetu alifariki mwaka jana, na katika kugawana vitu vyake pale Ngamiani, Tanga, mimi nikaambulia kasha la santuri za babu, aliyekuwa karani wa shamba la mkonge. Zipo kama 140. Nyingine ndogo, nyingine kubwa nyepesi, na kama 30 hivi ni nzito. Kumi katika hizo nimezikuta vipande. Nyingi zina madoa meupe ya ukungu. Jirani anasema nizioshe kwa sabuni ya unga nizianike juani. Shemeji yangu muuguzi anasema spiriti ndiyo dawa, inaua kila kitu. Nimenunua kinanda kidogo cha santuri cha mkoba chenye spidi tatu, 33, 45 na 78, kwa hiyo nadhani kitacheza zote. Ipo pia redio kubwa ya babu yenye kinanda cha santuri juu, sijui nikiichomeka itawaka. Halafu ipo sahani moja haina chapa, imeandikwa kwa kalamu tu 'Harusi, Pangani', nayo ina unga mweupe kuliko zote. Nilifikiri nianze na hiyo kujaribia. Nisaidie, naogopa kuziharibu."

Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. Nianzie ulipoishia: hiyo ya Harusi, Pangani, usijaribie kitu juu yake. Usiioshe, usiicheze, usiifute hata kwa upindo wa khanga. Irudishe kwenye mfuko wake, isimamishe mahali penye kivuli na pasipo joto, nami nitaifikia.

Unaogopa kuziharibu, na unafanya vyema kuogopa, ila woga umeuelekeza kwa ukungu peke yake. Ukungu uliokaa humo miaka na miaka unaweza kukusubiri mwezi mmoja zaidi. Katika miaka yangu ya kazi hii nimeona santuri chache zilizouawa na ukungu, na nyingi zilizouawa na mtu aliyekuwa akizisafisha kwa mapenzi yote, au aliyezicheza kwa sindano isiyo yake. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "nizioshe na nini", uliza kwanza umeshika nini.

Zigawe mafungu. Ishike sahani kwa kingo, ining'inize kwenye kidole kwa lile tundu la katikati, igonge taratibu kwa kucha. Ya vinili, yaani ya plastiki, inatoa mlio mfu, dub, na ukiibonyeza kidogo inapinda. Ya shelaki inalia kama sahani ya kaure, ni nzito, haipindi kabisa, na ikianguka unaokota vigae. Hizo 30 zako nzito karibu zote zitakuwa za shelaki, zinazozunguka mara 78 kwa dakika. Ni santuri za zama za Siti binti Saad, aliyevuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodiwa na kampuni ya HMV, na za ule mfululizo ulioitwa GV wa muziki wa Cuba ulioanza kutoka mwaka 1933 na kuwatia watu wa pwani na bara wazimu wa rumba. Usishangae pia kukuta za Kihindi na za Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri; babu zetu walisikiliza dunia nzima kabla hatujapata intaneti. Ndogo za inchi 7 ni vinili za mara 45, na kwa nyumba ya Tanga nategemea humo utakutana na bendi ya Atomic Jazz, na vikundi vya taarab vya Black Star au Lucky Star kwenye chapa ya Mzuri ya Mombasa. Kubwa nyepesi ni LP, za mara 33 na theluthi.

Mafungu haya ndiyo yanayoamua kila kitu. Shelaki ni utomvu unaotolewa na kidudu kinachokaa kwenye matawi ya miti huko India. Fundi seremala anaijua vizuri sana: ananunua vile vibanzi vya rangi ya asali, anaviloweka kwenye spiriti usiku kucha, asubuhi ana polishi ya kupaka kabati. Sasa rudi kwa ushauri wa shemeji. Spiriti inaua vijidudu, kweli, lakini juu ya shelaki inafanya kazi ileile inayofanya kwenye kopo la seremala.

Nakueleza hili kwa sababu nimelitenda. Nikiwa bado najifunza, niliifuta sahani ya mteja kwa pamba yenye spiriti. Pamba ikatoka nyeusi, nikafurahi, nikadhani uchafu unatoka. Nikageuza upande safi, nikafuta tena, ikatoka nyeusi zaidi. Nilipoiinua sahani kwenye mwanga wa dirisha, mng'aro ulikuwa umekwenda, na kila palipopita pamba pamekuwa kijivu kama ubao wa shule uliofutwa chaki. Haukuwa uchafu uliokuwa ukitoka, ulikuwa muziki. Mteja alikuwa muungwana, hakusema neno, na hakurudi tena.

Kwa vinili spiriti haina madhara makubwa namna hiyo ikichanganywa na maji mengi, lakini hii ya dukani yenye rangi ina vitu vingine ndani yake, na kwa kazi yako huihitaji. Ishushe kwenye orodha.

Ushauri wa jirani nao una mambo mawili. Sabuni ya unga huacha utando ndani ya mifereji, na chembe zisizoyeyuka vizuri hugeuka msasa chini ya sindano. Jua ni baya zaidi. Vinili ni plastiki iliyochapwa kwa joto, na joto hilohilo linailegeza tena. Sahani nyeusi kwenye jua la saa saba la Tanga inapata joto kuliko hewa inayoizunguka, na ukitoka msikitini utaikuta imejikunja kama chapati ya jana. Ikishajikunja, usikubali mtu akwambie ipigwe pasi au ibanwe kati ya vioo viwili juani. Iliyopinda kidogo inachezeka hivyohivyo, mkono utapanda na kushuka lakini sauti itatoka. Iliyopinda sana iweke kando.

Sasa ukungu wenyewe. Ukungu hauli plastiki. Unakula karatasi ya mfuko, gundi ya kava, mafuta ya vidole na vumbi, na unachohitaji ni unyevu na hewa isiyotembea, vitu ambavyo kasha la pwani linavyo vya kutosha. Ndiyo maana kwenye vinili mara nyingi unatoka wote na sahani inabaki nzima, wakati kava imeshakwisha. Kwenye shelaki hali ni ngumu zaidi. Ukikaa muda mrefu unaweza kuacha alama ndani ya mifereji, na hizo utazisikia kama mchanga hata baada ya kuosha. Hapo hakuna dawa.

Kazi ya kwanza ifanyie nje barazani, siku isiyo na upepo mkali, na uvae barakoa. Unga wa ukungu ni mbegu zake. Ukiupiga brashi ndani ya chumba umeupanda kwenye makochi na kwenye mapafu yako. Tumia brashi laini kavu, fuata mzunguko wa mifereji, usikate katikati. Mifuko ya ndani ya karatasi iliyooza itupe, lakini kwanza piga picha au nakili kila kilichoandikwa juu yake. Na kabla maji hayajafika popote, andika katika daftari kilichomo kwenye chapa ya kila sahani pamoja na zile namba zilizokwaruzwa kwenye ukingo mtupu karibu na chapa. Chapa za karatasi hubanduka, namba zile hazibanduki, na ndizo zinazotambulisha rekodi pale jina la wimbo linapofutika.

Kwa maji, usitumie ya bomba wala ya kisima. Kisima cha pwani kina chumvi na chokaa, na maji yakikauka vyote viwili vinabaki kwenye mfereji. Wengi hudhani maji yakichemshwa yamesafika; yamesafika kwa mnywaji, chumvi imebaki palepale. Nunua maji ya kuongezea betri ya gari, yale yasiyo na kitu ndani yake. Soma chupa mara mbili, maana chupa ya maji na chupa ya asidi mara nyingi hukaa rafu moja na zinafanana kama mapacha.

Ukimimina maji hayo matupu juu ya vinili utaona yanakusanyika matone na kuteleza, kama umande juu ya jani la gimbi. Hayaingii kwenye mfereji, yanapita juu. Mfereji wa LP haufiki hata sehemu ya kumi ya milimita kwa upana, na kwa upande mmoja unajizungusha karibu nusu kilomita. Huko ndiko uchafu uliko. Ndiyo kazi ya sabuni: siyo kutoa povu, ni kuyalegeza maji yaweze kushuka. Tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa lita moja linatosha, na ukiona povu umezidisha.

Tandika taulo safi mezani, ilaze sahani juu yake, funika chapa kwa mfuniko wa plastiki wa kopo unaoenea hapo, ukiubana kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili lowesha kitambaa laini kama kile cha kufutia miwani na uzunguke taratibu, raundi tano au sita, ukibonyeza kwa uzito wa kidole tu. Suuza kwa maji mengine yasiyo na sabuni, mara mbili. Kisha simamisha kwenye kile kitenga cha kukaushia vyombo, kivulini, bila feni, kwa sababu feni itarudisha vumbi lote ulilolitoa. Sahani ya kwanza itakuchukua robo saa. Ya kumi, dakika nne. Anza na LP iliyokwaruzika ambayo huioni thamani, ndiyo ya kujaribia.

Za shelaki ziende kwa ufupi zaidi. Maji hayohayo, yasiwe moto, kitambaa kilichokamuliwa, usiloweke hata dakika moja, na uikaushe hapohapo kwa kitambaa kingine. Yenye ufa au inayobanduka kwenye ukingo isiguswe na maji kabisa, kwa kuwa baadhi zina karatasi ndani na karatasi ikivimba sahani inafunguka. Vigae vya zile kumi usivitupe. Weka kila moja kwenye bahasha yake.

Sasa kinanda chako cha mkoba, na hapa huenda nikakukera. Spidi ya 78 kwenye swichi haitoshi. Mfereji wa sahani ya 78 ni mpana zaidi sana kuliko wa LP. Sindano ya LP ina ncha ya kama maikroni 18 hadi 25. Ya 78 huwa karibu maikroni 75. Ukiiweka ile ndogo kwenye mfereji mpana haikai ukutani, inadondoka hadi sakafuni mwa mfereji, kwenye vumbi la miaka sabini, na inasaga huko ikirukaruka. Unasikia mchakacho mwingi na sauti kidogo, unalaumu sahani, kumbe sahani ni nzima. Vinanda vingi vya mkoba huja na sindano moja tu kwa spidi zote tatu. Angalia kama kichwa cha sindano cha chako kinageuzwa au kinabadilishwa. Kama hakibadilishwi, usichezee zile nzito.

Jambo la pili ni uzito. Kichwa kizuri cha sindano, kile cha sumaku, hukanyaga mfereji kwa gramu 1.5 hadi 2.5 hivi. Vichwa vya bei nafuu vinavyofungwa kwenye mikoba mara nyingi hukanyaga kwa gramu 5 au zaidi, na ncha yake mara nyingi ni ya yakuti, inayochakaa baada ya makumi machache ya saa. Almasi huenda saa 500 hadi 1,000. Sindano iliyochakaa haiwi butu tu, inapata makali ubavuni na kuuchonga mfereji upya. Wapo wanaosema mkoba unaharibu sahani mara ya kwanza tu ukiichezea. Wametia chumvi. Lakini sahani ya Lucky Star ambayo huenda huipati tena popote, mimi nisingeiweka hapo. Kichezee LP za kawaida, na weka akiba ununue kinanda ambacho mkono wake una uzito wa kurekebishwa nyuma na kichwa kinachobadilika. Kumbuka tu kwamba kichwa cha sumaku kinatoa sauti ndogo sana, kinahitaji amplifaya yenye tundu la santuri au kikuzasauti chake cha pembeni; watu wengi wamerudisha dukani kinanda kizima kwa kutolijua hilo.

Iwapo kuna mtu ukoo huu mwenye gramafoni ya kupinda kwa mkono, atakwambia lete zote tuzisikilize. Mpelekee za shelaki peke yake. Mkono wa mashine ile unakanyaga kwa zaidi ya gramu 100, na sindano ya chuma ilikusudiwa kusagwa na sahani yenyewe, ambayo imechanganywa na unga wa mawe kwa makusudi hayo, kisha itupwe baada ya upande mmoja. Vinili chini ya chuma kile ni siagi chini ya jembe.

Mambo madogomadogo: kinanda kikae mahali pasipotikisika, siyo juu ya spika, sindano isafishwe kwa kibrashi kutoka nyuma kuja mbele, usipulize vumbi kwa mdomo, unatema mate bila kujua. Umeme ukikatika katikati ya wimbo, inua mkono kwanza, mengine baadaye.

Kuhifadhi. Kasha la bibi ni zuri kwa vitenge, kwa santuri silo, hasa zikiwa zimelazwa moja juu ya moja. Zisimame wima kama vitabu, zishikane bila kubanana, za ukubwa mmoja pamoja. LP 100 na kava zake zinafika kilo 20 na kupita, kwa hiyo rafu iwe ya mbao ngumu, iinuliwe kutoka sakafuni kwa ajili ya mchwa na maji ya mvua, isigusane na ukuta wa nje, isiwe chini ya bati lisilo na dari. Mifuko ya ndani iwe ya plastiki nyembamba inayochakacha, siyo ile laini nzito yenye harufu ya mpira. Hiyo hutoa mafuta na kung'ang'ania sahani. Usiweke vidonge vya nondo humo ndani, mvuke wake haupatani na plastiki na wewe pia hutakiwi kuuvuta. Na chetezo cha udi, naomba radhi kwa kuingilia mambo ya nyumba, kihamie chumba kingine. Moshi wa udi una mafuta, unatua, na vumbi linaupenda.

Redio ya babu usiichomeke. Nasema hivyo nikijua utatamani. Mashine nyingi za namna ile zilikuwa na valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, na ndani yake mna kapasita za karatasi, vidude vya kuhifadhi umeme, ambazo kwa umri huo zimekwishavuja. Ukiwasha unaweza kuunguza transfoma, au nyumba. Zinaweza pia kubaki na chaji ya kumtupa mtu hata waya ukiwa umechomolewa. Mtafute fundi wa redio mzee, yule ambaye ukimtajia valvu macho yanamwaka, aifungue kabla haijaonja umeme. Asipokuwepo, ibaki kuwa samani. Ni samani nzuri.

Sasa ile ya harusi. Itazame kwenye ukingo wa tundu la katikati. Ukiona chuma cheupe kinang'aa, na pengine tundu dogo la pili kando ya lile la katikati, basi hiyo si santuri ya kiwandani. Ni bamba la alumini lililopakwa laka laini, aina ya vanishi, na sauti ilichongwa moja kwa moja juu yake siku ile, au kutoka kwenye utepe muda mfupi baadaye. Hakuna kiwanda kilichotoa nakala, kwa hiyo huenda iliyopo duniani ni hiyo uliyonayo. Na ule unga mweupe ulio mwingi kuliko kwa wenzake sidhani kama ni ukungu. Laka ile ilichanganywa na mafuta ya mbarika ili iwe laini. Kwa miaka mafuta yanavunjika na kujitokeza juu kama asidi ya mafuta, nyeupe, yenye grisi kidogo. Maji peke yake hayaitoi. Yanayofuata ni mabaya: laka inapungua, alumini haipungui, na siku moja inapasuka vipandevipande kama tope la bwawa lililokauka. Sindano ya kinanda chako ikipita humo hata mara moja inaweza kuondoka na sauti ya bibi harusi.

Hii ndiyo kazi ya mtaalamu wa uso kwa uso, na isingoje mwaka ujao. Waulize TBC Dar es Salaam, ambako ipo hazina ya kanda za Radio Tanzania, au nyaraka za Zanzibar pale Kilimani. Hata kama wenyewe hawapokei vitu vya familia, wanawajua wenye vifaa na mikono ya kazi hiyo. Unachotaka ni isafishwe kwa dawa yake, ichezwe mara moja tu kwa sindano inayoienea, na wakati huohuo inakiliwe kwenye kompyuta kama faili la wav la biti 24, siyo mp3 inayokata sehemu ya sauti. Ukisafiri nayo ibane kati ya kadibodi mbili ngumu, isimame wima, na ndani ya basi usikae kiti cha mbele karibu na injini. Kabla hujaondoka piga simu Pangani, kwa yeyote mwenye umri wa kukumbuka, uulize harusi ilikuwa ya nani na nani aliimba, ili majina yaandikwe pamoja na nakala.